Kwa Nini Mlima Humlemea Mmoja na Kumwacha Mwenzake

Wasomaji wa gazeti letu, huenda mkashangaa kuona mwanafunzi wa Shinyanga akiandika habari za ugonjwa wa milimani. Nchi yetu ni tambarare ya mibuyu, pamba na ng'ombe, na vilima vyetu ni vya mawe ambayo mchunga mbuzi huyapanda na kushuka kabla jua halijawa kali. Hata hivyo watu wa huku wana safari zao na Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza kuandaa safari za kuupanda mlima huo ili kuchanga fedha za kupigana na UKIMWI, na safari hizo zimefanywa kwa miaka mingi. Tena wako vijana wetu ambao huacha machimbo na kwenda Moshi kutafuta kazi ya upagazi. Na sisi wanafunzi tumesoma kwamba Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha Mwenge wa Uhuru kileleni Desemba 1961. Ni nani kati yetu asiyetamani kukanyaga pale aliposimama yeye?

Basi yafaa tujifunze jambo moja kabla ya kwenda. Watu wawili wa umri mmoja na nguvu sawa huweza kupanda mlima pamoja, siku zile zile, kwa njia ile ile. Mmoja akafika kileleni akiimba, na mwenzake akateremshwa kwa machela, mapafu yake yamejaa maji. Watu wakiona hivyo hutafuta sababu. Wengine husema yule ni mwoga, wengine husema ni mvivu, na wengine hunong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Elimu yatuambia jambo jingine: sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo katika mwili aliozaliwa nao mtu, wala haionekani kwa macho.

HEWA YA JUU

Kwanza tuitazame hewa. Katika hewa yote tunayovuta, oksijeni ni kama sehemu 21 katika 100. Hesabu hiyo ni ile ile Tanga pwani, ni ile ile hapa Shinyanga, na ni ile ile juu ya Kibo. Kinachobadilika ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na hewa ya chini hulaliwa na ile iliyo juu yake kama gunia la pamba lililo chini ya magunia mengine. Kadiri upandavyo, ndivyo mzigo ulio juu yako upunguavyo, na hewa huwa nyepesi.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu wa Shinyanga uko karibu na kimo hicho. Hapa mgandamizo wa hewa ni karibu sehemu tisa za kumi za ule wa pwani, na miili yetu haina habari. Lakini kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na hapo mgandamizo ni kama nusu tu ya ule wa pwani. Mtu akivuta pumzi moja kule juu, hupata kama nusu ya oksijeni ambayo angeipata Dar es Salaam kwa pumzi ile ile.

Watu wengi wakifika juu haraka huumwa kichwa, hukosa usingizi na hukataa chakula. Hayo ni malalamiko ya kawaida ya mwili unaojifunza hali mpya, ingawa yakizidi yaweza kuwa ya hatari. Mimi nataka kusema juu ya ugonjwa mmoja tu, ule unaoshika mapafu. Kwa kawaida huanza kwa mtu aliyepita mita 2,500, siku ya pili hata ya tano baada ya kufika juu, na mara nyingi humzidia usiku.

MAJI KATIKA MAPAFU

Zamani madaktari wengi walipomwona mgonjwa wa namna hii walidhani ana nimonia, au moyo wake umechoka. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Charles Houston, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana mwenye afya aliyeshikwa na ugonjwa huo milimani. Mapafu yake yalikuwa na maji, hali moyo wake ni mzima. Tangu hapo madaktari wa nchi nyingi wakaanza kuutambua ugonjwa huu kuwa ni kitu cha peke yake.

Ili kuuelewa, hebu tufikiri majaruba ya mpunga. Mkulima mwenye mfereji mmoja na majaruba mengi hufanyaje akiona jaruba moja limeharibika? Huziba mlango wake, na maji huenda katika majaruba mengine. Mapafu nayo hufanya hivyo. Ndani yake mna mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Sehemu moja ya pafu ikikosa oksijeni, mishipa yake hujibana ili damu isipotee bure pale, iende penye hewa nzuri. Tukiwa chini, ni busara kubwa ya mwili.

Lakini mtu akiwa mlimani, sehemu zote za mapafu hukosa oksijeni kwa wakati mmoja. Ni kana kwamba mkulima ameziba milango mingi kwa mara moja, na maji bado yanakuja kwa nguvu mferejini. Maji yatapanda, yatasukuma, na palipo na tuta dhaifu yatavuja. Hivyo ndivyo ilivyo: mishipa hujibana, tena haijibani sawasawa, mgandamizo wa damu katika mapafu hupanda, na pale ambapo mshipa haukujibana, damu huingia kwa nguvu hata majimaji yake huvuja na kuingia katika vifuko vya hewa. Mgonjwa huzama katika maji yake mwenyewe, akiwa mahali pakavu.

Dalili zake ni hizi. Nguvu humwishia kuliko wenzake. Hutweta hata akiwa amekaa kimya. Hukohoa, kwanza kikohozi kikavu, kisha huweza kutoa povu lenye rangi ya damu. Kifuani husikika mlio kama wa maji yanayochemka. Midomo, ulimi na kucha hugeuka rangi kuwa kama samawati. Asiposaidiwa, aweza kufa katika muda wa saa chache.

FUNZO LA NG'OMBE

Sasa tufike penye swali letu: mbona mmoja na si mwingine? Kwa sisi watoto wa wafugaji, mwalimu mzuri ni ng'ombe.

Huko Colorado, katika Marekani, wafugaji walipeleka ng'ombe wao katika malisho ya milimani, zaidi ya mita 2,500. Ng'ombe wengi walinenepa, lakini baadhi yao walidhoofika, wakavimba kidari, kisha wakafa. Mwaka 1915 wataalamu wawili wa huko, Glover na Newsom, walieleza ugonjwa huo na kuuhusisha na kimo cha nchi. Baadaye ilionekana kwamba mishipa ya mapafu ya ng'ombe hao hujibana kupita kiasi, hata upande wa kulia wa moyo ukachoka kusukuma damu, na maji yakajaa kifuani. Kwa ng'ombe ugonjwa huenda polepole, kwa wiki na miezi, na kwa mtu huenda kwa siku. Tena kwa ng'ombe kinachoshindwa ni moyo, na kwa mtu kinachovuja ni mapafu. Lakini mzizi ni mmoja, nao ni kujibana kwa mishipa.

Wataalamu walipozalisha ng'ombe walioshikwa na ugonjwa huo, waliona ndama wao nao wana mishipa inayojibana mno. Walipozalisha wale wasioshikwa, ndama zao walistahimili. Kwa hiyo wafugaji wa milimani kule hupima mgandamizo wa damu katika mapafu ya dume kabla ya kumruhusu kupanda majike. Nasi Wasukuma tukichagua dume, nzagamba kama tumwitavyo, hutazama pembe, kifua na maziwa ya mama yake. Mambo hayo ni mazuri, lakini hakuna hata moja linaloonyesha hali ya mishipa ya mapafu yake. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wameona mabadiliko katika jeni moja, iitwayo EPAS1, kwa ng'ombe wengi wenye ugonjwa huo. Jeni ni chembe ya urithi, ile amri ndogo ambayo mtoto huipata kwa baba na mama.

URITHI WA WATU

Kwa watu, ushahidi wa kwanza ni huu: aliyeugua mara moja huelekea kuugua tena. Katika milima ya Alps, upande wa Italia, pana nyumba ya wapandaji mita 4,559 juu ya bahari ambamo madaktari wamefanya uchunguzi mwingi. Wapandaji waliowahi kuugua mapafu mlimani wakipanda tena haraka mpaka pale, kama 6 katika 10 huugua. Wapandaji wengine wakifanya vivyo hivyo, wanaougua ni wachache sana.

Ushahidi wa pili ni kwamba tofauti yao yaonekana hata wakiwa chini. Wakivutishwa hewa yenye oksijeni kidogo, mgandamizo wa damu katika mapafu yao hupanda kuliko wa watu wengine, ingawa wakipita njiani ni watu wazima kabisa. Tena mapafu yao hutoa kidogo ile gesi ya naitriki oksaidi, ambayo mwili huitumia kulegeza mishipa. Wataalamu wa Japani na wa Bara Hindi wameona kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni inayosaidia kutengeneza gesi hiyo. Uchunguzi mwingine, uliofanywa kwa watu wa Ulaya, haukuona hivyo. Maana yake ni kwamba hapana jeni moja iliyo chanzo cha ugonjwa wote. Ziko kadhaa, na kila moja huongeza au hupunguza kidogo.

Upande wa pili wako watu ambao urithi wao huwalinda. Watu wa Tibet wameishi katika nchi ya juu sana kwa maelfu ya miaka, na mwaka 2010 iligunduliwa kwamba wengi wao wana namna yao ya jeni EPAS1, ile ile tuliyoitaja kwa ng'ombe. Lakini tusidhani kwamba kuzaliwa karibu na mlima kwatosha. Vijiji vya Wachaga viko chini mno kulinganisha na kimo ambacho ugonjwa huu huanzia, na mpagazi wa Marangu naye huweza kuugua.

HABARI YA KAKA YANGU

Jambo hili silisomi vitabuni tu. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa mchimbaji mdogo katika maduara ya dhahabu huko Geita. Wenzake walimwita Trekta, maana hapakuwa na mtu wa kushindana naye kupandisha viroba vya mawe. Mwaka juzi alikwenda Moshi kuwa mpagazi. Safari ya kwanza, siku ya tatu, alianza kukohoa na kutweta, na usiku hakuweza kulala chali. Kiongozi wa safari alimteremsha usiku ule ule, na alipofika chini alipata nafuu kwa siku chache.

Nyumbani walimpokea kwa maneno mawili. Vijana walisema nguvu zake ni za shimoni tu, mlima umemtoa woga. Wazee walisema amerogwa na wenzake wa machimbo, na mbuzi wawili walikwenda kwa mganga. Shangazi alihofu vumbi la mawe, na hofu yake ilikuwa na maana, kwa sababu vumbi hilo huharibu mapafu ya wachimbaji na kuwaweka karibu na kifua kikuu. Lakini ugonjwa wa vumbi huja kwa miaka, wala hauponi mtu akishuka mlima. Kaka alipigwa picha ya kifua na kupimwa makohozi, akaonekana mzima.

Sasa ataka kurudi. Asema atapanda tena kwa haraka, hata akifika kileleni awafunge watu midomo. Nimemwandikia barua. Nimemwambia, "Kaka, wewe si mwoga wala hukurogwa. Mapafu yako ni ya namna yake, kama vile mwingine asivyoweza kunywa maziwa. Ukipanda upesi tena, huenda usipate mtu wa kukuteremsha kwa wakati. Nenda kwanza kwa daktari, umweleze yote." Jibu lake halijanifikia. Nami ninaliwaza pia kwa ajili yangu, maana babu yetu ni mmoja, na nilikuwa nimeweka nia ya kupanda baada ya mtihani. Nia hiyo sijaiacha, ila nitapanda polepole, na kiongozi wangu nitamwambia habari za ukoo wetu kabla hatujaanza safari.

SELIMUNDU NA KIMO

Uko urithi mwingine ambao watu wa Kanda ya Ziwa yatupasa kuujua kabla ya kupanda. Ni selimundu. Uchunguzi wa watoto wachanga wa kaskazini magharibi ya Tanzania, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja katika watano ana jeni moja ya selimundu. Sababu yake yajulikana: mwenye jeni moja hukingwa kwa kiasi na malaria kali, na nchi yetu ina malaria tangu zamani. Lakini akipata jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, huwa mgonjwa.

Chembe za damu za mgonjwa wa selimundu zikikosa oksijeni hupinda kama mundu na kuziba mishipa, hata ile ya mapafu. Kwa hiyo mlima mrefu si mahali pake. Mwenye jeni moja kwa kawaida ni mzima, hucheza mpira na kulima kama wengine. Lakini wamepatikana watu wa namna hiyo walioumia bandama walipofika juu sana. Akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na ashuke mara moja. Kipimo cha damu chaweza kumwambia mtu hali yake akiwa bado nyumbani.

YA KUFANYA

Kwa kuwa hatuwezi kuona mapafu ya mtu kwa macho, kanuni ni moja kwa wote, wenye nguvu na wasio na nguvu.

Kwanza, kupanda polepole. Ukipita mita 3,000, usilale kila usiku juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Tazameni njia ya Marangu: Mandara iko kama mita 2,700, Horombo kama 3,700, na Kibo kama 4,700. Kila hatua ni mita 1,000. Ndiyo maana wenye busara hukaa Horombo siku ya ziada.

Pili, usipande ukiwa na homa ya kifua, na ujikinge na baridi. Baridi na kazi nzito huzidisha mgandamizo wa damu katika mapafu, kwa hiyo mpagazi mwenye mzigo wa kilo 20 yumo katika hatari kuliko mgeni anayetembea mikono mitupu.

Tatu, aliyewahi kuugua amwone daktari kabla ya safari. Iko dawa iitwayo nifedipini ambayo hulegeza mishipa, lakini hutolewa na daktari, wala haiondoi haja ya kupanda polepole.

Nne, na hili ndilo kubwa: dalili zikitokea, mgonjwa ashuke mara hiyo, hata kama ni usiku wa manane, asilazimishwe kutembea kwa nguvu wala kubeba kitu. Oksijeni ikiwapo apewe. Mita 1,000 za kushuka zaweza kumwokoa mtu. Mwenye kuficha kikohozi kwa kuogopa kuchekwa, au kwa kuogopa kukosa ujira wake, ajua yeye mwenyewe anacheza na nini. Lakini sisi tunaocheka tumemsaidia kuficha. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akirudi kutoka mlimani bila kufika kileleni, tumpe maji ya kunywa na tumwulize hali ya kifua chake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Oksijeni ni sehemu 21 katika 100 Shinyanga na kileleni pia. Eleza kwa nini mpandaji hukosa pumzi.

2. Baba na mama wana jeni moja moja ya selimundu. Chora mchoro wa urithi, uonyeshe uwezekano wa mtoto wao kuwa mgonjwa.

3. Mfugaji wa nchi ya juu ana madume wawili, mmoja mnene na mwingine wa wastani. Apime nini kabla ya kuchagua?

4. Mwenzako amelala Horombo. Anatweta akiwa amekaa, na anakohoa, lakini anasema atapona asubuhi. Utafanya nini, na kwa nini usingoje kuche?

Majibu yaletwe kwa Chama cha Sayansi kabla ya shule kufungwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne